Kitabu Kilichopigwa Bandi

Nyuma ya stesheni ya treni, juu ya duka la makufuli, palikuwa na karakana iliyoshona mashuka na mapazia ya hospitali, na humo alifanya kazi mwanamke aliyeitwa Redio. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, ila lilikuwa limekaa bila kutumiwa mpaka hata mwenye nyumba wake akalisahau. Wala msidhani alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliitwa Redio kwa sababu kila asubuhi, vikombe vya chai vikishakusanywa, alisogeza kiti chake dirishani, akafungua kitabu, akawasomea wenzake kwa sauti hadi jua lilipohamia ukuta wa pili.

Desturi hiyo ilikuwa ya zamani kuliko yeye hapo kazini. Msomaji hashoni; fungu lake la kazi wanagawana wasikilizaji, huyu mashuka, yule foronya, na jioni linakutwa limekwisha sawa na mafungu ya wengine. Ukisomewa, unashona. Mwenye karakana aliwahi kujaribu kuwakomesha kwa kuwaletea redio ya kweli, ya betri, yenye mkonga mrefu. Wanawake walimshukuru kwa heshima zote, wakaigeuzia ukutani, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kuwekewa bobini za uzi juu.

Mtu akiingia mle ndani kutoka barabarani alihitaji kusimama kidogo mlangoni. Kila kitu kilikuwa cheupe. Mashuka yalirundikwa hadi usawa wa dirisha, vumbi la pamba lilielea kwenye mwanga bila haraka ya kutua, na mapazia yaliyokwisha kushonwa yalining'inia kwenye kamba, yakijaa upepo na kunywea. Vyerehani vilinguruma kwa pamoja, chini chini, na sauti ya Redio ikapita juu ya mngurumo huo bila kupanda wala kushuka. Waliokaa humo miaka mingi walisema kuna saa ya asubuhi ambapo huwezi kujua kama jambo umelisikia kitabuni, umeliota, au limempata jirani yako. Mama Pindo, aliyekuwa mzee kuliko wote na aliyekunja mapindo ya mapazia tangu ujana wake, aliwahi kwenda kumpa pole muuza maziwa kwa msiba wa mtu aliyefia ukurasa wa mwisho wa riwaya.

Vitabu vilitoka maktaba, nakala za sampuli ambazo wachapishaji walizileta na maktaba ikakosa nafasi ya kuziweka. Karibu vyote vilikuwa riwaya za siku hizi. Na hapo ndipo penye kisa, kwa maana karakana ile ilikuwa na wahakiki wakali ambao gazeti lolote lingewaogopa. Kitabu kikimalizika kilihukumiwa siku hiyo hiyo. Kikipendwa, kilivishwa: Mama Pindo alikishonea gamba la kitambaa kutoka kwenye mabaki, kikapandishwa rafuni juu ya meza ya pasi. Kikichukiwa, kiliwekwa chini ya mguu mfupi wa meza ya kukatia, ambao siku zote ulihitaji kuinuliwa. Mwandishi mmoja mwenye sifa na tuzo zake aliibeba meza ile mwaka mzima, mpaka akabanwa akawa mwembamba, akabadilishwa.

Jaji mkuu alikuwa mkataji wa vitambaa, mwanamke mrefu mwenye chaki nyuma ya sikio, jina lake Mkasi. Walimwita hivyo kwa ajili ya kazi yake, na jina likakaa kwa ajili ya mdomo wake. Palisomwa riwaya ya mtu aliyekaa dirishani kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkasi akasema yeye mwenyewe hukaa dirishani bure, hahitaji kuletewa mtu wa kumsaidia. Palisomwa nyingine isiyo na nukta hata moja, ikamkata Redio pumzi, akaletewa maji, kitabu kikaenda chini ya meza kwa kosa la kutaka kuua. Palisomwa moja iliyosimuliwa na kiti. Hiyo Mama Pindo aliipenda, akasema kiti kile kina subira kuliko marehemu mumewe, na ikavishwa kitambaa cha maua.

Lakini kwa jumla Mkasi alikuwa na shitaka moja, na alilirudia huku akikata. Alisema waandishi wa siku hizi wanapata kitambaa kizuri, wanakitandaza mezani, wanakizunguka, wanakisifu, kisha wanaenda zao nyumbani. Nguo iko wapi?

Redio hakuwa akitoa hukumu. Alisoma kilichoandikwa, akafunga kitabu, akawaachia wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa mpaka kilipokuja kitabu cha Paka.

Paka alikuwa mtoto wa dada yake mkubwa. Dada huyo alifariki mtoto akiwa bado hajaota meno ya mbele ya ukubwani, na Redio akamchukua, akamlea peke yake. Hakuwa na mtu wa kumwachia mchana, kwa hiyo alikuja naye kazini, akamlaza chini ya meza ya kukatia juu ya vipande vya kitambaa, na humo mtoto akakua akisikiliza vitabu na kutazama miguu ya wanawake ikikanyaga vyerehani. Kwa kulala lala kwake ndipo wakamwita Paka. Sasa Paka alikuwa mtu mzima mwenye miwani, karani wa maktaba, ndiye aliyewaletea zile nakala. Na alikuwa ameandika riwaya.

Kilikuwa kitabu chembamba chenye jalada la kijivu. Mwanamke mmoja anaishi katika chumba cha mbele. Mumewe ameondoka asubuhi moja kwenda kutafuta kazi mji mwingine, akaahidi kurudi mvua zikikatika. Mvua zinakatika, zinarudi, zinakatika. Mtoto mdogo anamtazama mwanamke huyo akichemsha maji, akipiga pasi, akisikiliza hatua za watu ngazini. Ukutani kuna misumari miwili, mmoja wa koti la mke, mmoja wa koti la mume. Mwisho kabisa, siku isiyo na lolote, mwanamke anachukua koleo, anaung'oa msumari wa mume, anaziba tundu kwa kipande cha sabuni, anafunga dirisha, anakwenda kazini. Basi. Hakuna zaidi.

Redio alikisoma kwanza nyumbani kwake, katika chumba cha mbele, akiwa amekaa kitandani. Alipofika penye msumari alisimama. Alisoma ukurasa ule wote akiwa wima, kama mtu aliyeitwa jina lake darasani. Kwa sababu mume wa Redio naye aliondoka asubuhi moja, zamani, amevaa koti la kuazima, na alileta salamu mara moja kwa kinywa cha dereva wa lori, kisha kimya. Redio hakuwahi kulizungumza jambo hilo. Mtu akiuliza alicheka tu, akasema huyo bwana amepotelea kwenye foleni. Watu walicheka naye, na miaka ikapita juu ya kicheko hicho.

Paka alipokuja kuuliza kitabu kikoje, Redio alimwambia ni kizuri. Paka akauliza, kizuri tu? Redio akasema, kizuri sana, na akaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyekuwa na haja nayo.

Wiki haikuisha, mhakiki wa gazeti akakitia kitabu mdomoni. Aliandika kwamba kinakwenda polepole mno, kwamba hakuna kinachotokea, na kwamba mwanamke wa chumba cha mbele ni baridi kama sakafu, hatujui hata anataka nini. Paka alikuwa ameyasoma maneno hayo mara nyingi hata akayajua kwa moyo. Aliyasema yote jikoni kwa mama yake mdogo, taratibu, bila kulia. Kisha akasema hataandika tena; atabaki na kazi ya kupanga vitabu vya wenzake rafuni, hiyo anaiweza. Redio alimjua mtoto wake. Angelia, angetulia. Lakini alikuwa ameongea kwa adabu, na hiyo ilimtisha.

Ndipo Redio akakata shauri kukisoma karakanani. Alifikiri wanawake wakikivisha, moyo wa Paka utarudi mahali pake. Aliwaambia tu kwamba ni cha Paka wao, yule wa chini ya meza, na wote wakafurahi, wakakaa vizuri.

Siku za mwanzo alisoma kilichoandikwa, neno kwa neno. Vyerehani vikaenda. Msomaji wa zamani hujua mambo kwa vyerehani. Jambo likigusa watu, kimoja husita, kingine hupunguza mwendo. Hapa vilikwenda sawasawa tu, kama mvua isiyo na nia ya kuacha. Mama Pindo alisinzia, akakunja pindo upande usiofaa. Mkasi, kwa kumheshimu Redio, hakusema lolote, lakini alipiga mwayo mrefu, na mwayo ulipokwisha macho yake yalishuka polepole hadi kwenye mguu mfupi wa meza.

Redio aliyafuata macho yale. Aliona pale chini penyewe, pale alipokuwa akimlaza mtoto juu ya vipande vya kitambaa, na akakiona kitabu cha mtoto huyo huyo kimelaliwa na meza. Alishusha macho ukurasani, ambapo mwanamke alikuwa akichemsha maji, na mdomo wake ukasema kitu ambacho hakikuwapo. Ukasema kwamba mlangoni palibishwa hodi.

Cherehani kimoja kikasimama.

Kuanzia hapo hakurudi nyuma. Aliyebisha alikuwa mtu wa posta. Mtu wa posta alikuwa na habari kwamba mume yu hai. Siku iliyofuata ikajulikana aliwahi kuumwa, akalazwa katika hospitali ya mbali, juu ya shuka jeupe lenye pindo zuri, na hapo karakana nzima ikainua vichwa kwa fahari. Redio alizifungua kurasa, akazigeuza kwa wakati wake, macho yake yakatembea mistarini, na sauti yake haikubadilika hata kidogo. Lakini yaliyotoka hayakuwa ya kitabu. Hakujua yanatoka wapi. Yalikuja yenyewe, kila asubuhi, kama watu waliokuwa wakingoja nje muda mrefu na sasa mlango umefunguliwa. Hata yeye alisikiliza aone itakuwaje.

Siku ya mwisho mvua ilinyesha, kweli kweli, juu ya bati la stesheni. Redio akasema kwamba hatua zilisikika ngazini, na mwanamke hakwenda kufungua, kwa sababu alikuwa amesikia hatua nyingi za watu wengine. Mlango ukafunguka. Mume akaingia amezeeka, koti limelowa. Akauangalia ukuta, akauona msumari wake, akalivua koti na kulitundika, na maji yakadondoka sakafuni, tone baada ya tone, na mwanamke akayaacha yadondoke. Hakuleta tambara. Alikaa anayasikiliza.

Mama Pindo alilia mpaka uzi ukakatika. Mkasi aligeukia dirishani, akasema vumbi la pamba leo limezidi, kisha akakata mwenyewe kipande cha pazia la buluu, kitambaa kipya kabisa wala si mabaki, akaagiza kitabu kivishwe.

Redio alimpelekea Paka habari kwamba amevishwa. Alisema hivyo, amevishwa, kama anayezungumzia bibi harusi. Paka alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Walewale waliomweka mwandishi mwenye tuzo chini ya meza? Walewale, Redio akajibu. Jioni hiyo Paka aliomba karatasi, akaandika kidogo pembeni pa meza huku wakipika, na Redio akaona raha iliyochanganyika na hofu, maana Paka alikuwa amesema jambo moja kabla ya kukaa: lazima aende kuwashukuru mama zake. Redio alisema wana kazi nyingi. Alisema ngazi zinatengenezwa. Alisema Mkasi ana mafua mabaya. Hakuna kilichosaidia.

Paka alikuja asubuhi yenye manyunyu, koti limelowa mabegani. Akasimama mlangoni kidogo mpaka macho yalipouzoea weupe, akasema shikamooni mama zangu, wakaitikia kwa pamoja bila kuacha kukanyaga. Walimkalisha karibu na meza ya kukatia. Wakamwonyesha kitabu rafuni katika nguo yake ya buluu. Redio alikaa dirishani, mikono mapajani, hana kitabu.

Wakaanza kusifu. Mama Pindo alimshika Paka mkono, akamwambia hajawahi kuona koti likilia, ila lile lilikuwa likilia, yale maji yaliyodondoka sakafuni yalikuwa machozi ya koti. Mwingine akasifu mtu wa posta. Mkasi akasema kwamba hatimaye amepatikana mtu wa siku hizi aliyekata kitambaa na kukishona, na hakushangaa kusikia fundi huyo alilelewa chini ya meza yake. Paka aliwatazama mmoja mmoja. Tabasamu lilibaki usoni lakini mwenyewe alikuwa hayuko tena ndani yake. Kisha akamtazama mama yake mdogo, na Redio akaangalia mikono yake.

"Ila sehemu moja Redio aliipita haraka," Mkasi akasema. "Huyu bwana, alipopona kule hospitali, mbona hakurudi siku hiyo hiyo? Alikuwa wapi miaka yote? Wewe ndiye uliyemuumba, tuambie."

Paka angeweza kusema. Angeweza pia kubuni kitu, kazi yake ni hiyo.

"Sijui, mama," alisema. "Nisiwadanganye. Sijui alikuwa wapi."

Redio alisikia namna alivyosema, na hakuweza kumwachia mtoto abebe mzigo ule. Akasimama.

"Hakurudi," alisema. "Kitabuni hakurudi. Hakuna mtu wa posta, hakuna hospitali. Paka aliandika kwamba hakurudi. Mimi ndiye niliyemrudisha."

Vyerehani vilisimama vyote. Mapazia yalijaa upepo, yakanywea. Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Wote walikuwa wakimjua Redio tangu ujana. Wote walikuwa wamecheka naye habari ya bwana aliyepotelea kwenye foleni. Sasa kila mmoja alikuwa akilikumbuka lile koti lililolowa, na kujua lilikuwa la nani. Redio aliona haya mpaka masikioni. Alifikiri, leo nimemwaibisha mtoto, na kesho msomaji atakuwa mwingine.

Mkasi alienda rafuni, akakishusha kitabu. Akachukua wembe, akaifumua nguo ya buluu mshono kwa mshono, pasipo kuirarua, akaikunja na kuiweka mezani.

"Hii ilishonewa kitabu kingine," alisema. Kisha akamsogezea Redio kitabu cha kijivu. "Soma hiki chake. Kuanzia mwanzo. Na usitufiche kitu."

Akalivuta fungu la mashuka la Redio, akachukua shuka la juu, akalipitisha kwa wengine. Vyerehani vikaanza tena.

Redio alisoma. Kitabu kilikuwa chembamba, hata hivyo walikula huku wakisomewa, na saa ya jua kuhamia ukuta wa pili ikapita bila yeye kusimama. Aliposoma maji yakichemka, safari hii hakuna aliyepiga mwayo, kwa kuwa walimjua anayeyachemsha. Aliposoma hatua ngazini, Mama Pindo aligeuza kichwa kuelekea mlangoni. Nje manyunyu yaliendelea, na kwa muda mrefu chumba kilielea, nusu karakana, nusu chumba cha mbele, na mtoto wa kitabuni aliyekuwa akimtazama mwanamke alikuwa amekaa pale pale karibu na meza, mwenye miwani, akimtazama. Redio alisoma penye msumari kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. Alisoma koleo, alisoma sabuni, alisoma dirisha. Akafunga kitabu.

Hukumu haikutoka haraka. Mama Pindo alisema anakitaka na hiki, lakini wasimnyang'anye kile. Mwingine akasema kimemuuma, na hajui kama kuumwa ni sifa. Mkasi alikaa na chaki mkononi. Mwishowe alisema kwamba kitambaa ni kizuri, na mkato ni safi, hilo hata adui hakatai. Ila huyu mwanamke mwenye koleo hamwamini sawasawa, kuna kitu hakimkai mabegani, na hawezi kusema ni nini. Akaichukua ile nguo ya buluu, akakivisha kitabu, akaishikiza kwa mishono mirefu ya mkono, ile ya kushikilia kwa muda tu kabla ya kushona kweli, inayofumuka kwa kuvuta uzi mmoja.

"Nimekipiga bandi," alimwambia Paka. "Tutakisoma tena mwakani, tuone."

Walirudi nyumbani pamoja, chini ya mwavuli mmoja. Paka alibeba mkoba wa mama yake mdogo. Redio alisubiri aambiwe kitu kikali, akaona ni haki yake, lakini hakikuja. Walipanda ngazi, akafungua mlango wa chumba cha mbele, akalitundika koti lake kwenye msumari wake. Juu ya koti akatundika mwavuli, juu ya mwavuli mkoba, na chini ya vyote palikuwa na mtandio wa jana na kikapu cha sokoni, na msumari ule ulikuwa umepinda kwa kuelemewa. Kando yake, mkono mmoja hivi, ulikuwa msumari wa pili. Haukuwa na kitu.

Paka alisimama na koti lake mkononi. Alikuwa ameuona msumari ule maisha yake yote.

"Nilidhani umeusahau tu hapo," alisema.

Redio alifunga mlango nyuma yao.

"Nikaandika umeung'oa. Nilidhani nakusifu, mama mdogo. Nilitaka watu wakuone una nguvu."

"Niliona," Redio akasema. Alikaa kitandani, akavua viatu, akavipanga. "Yule bwana wa gazeti anasema kitabu chako kinakwenda polepole. Hata Mkasi alipiga mwayo. Mimi nilikiona kina haraka. Kurasa chache tu, mwanamke ameshika koleo. Mimi miaka yote hii bado, mwanangu. Bado namngoja. Nikisikia mtu ngazini, bado."

Neno lilikuwa limetoka, na nyumba haikuanguka. Paka alikaa karibu naye, bega kwa bega, wakasikiliza manyunyu. Baadaye akauliza, kwa sauti ndogo ya chini ya meza, kama kitabu akiandike upya. Redio akasema hicho kimekwisha chapishwa, na kimepigwa bandi, akiache. Aandike kingine. Na mwanamke huyo asimharakishe.

Paka akainuka kwenda kuchemsha maji. Koti lake bado lilikuwa mkononi, limelowa, na msumari ulikuwa mtupu mbele ya uso wake. Akalitandaza juu ya kiti, mahali alipokuwa akilitandaza tangu utotoni.